Siku Tadeo Alipokuja Babati

Simu ya Tadeo ilimkuta Wolfgang sokoni, amekaa kiti cha mbele cha gari la matangazo, kipaza sauti mkononi, akiwachania wakulima mistari ya mbegu za alizeti. Namba ilikuwa ngeni. Akaipokea akidhani ni mteja.

"Oya, Wolfu," sauti ikasema. "Mwanangu, umenisahau?"

Wolfgang alizima kipaza sauti. Sauti ile aliijua kama anavyoijua ya mama yake.

"Tadeo."

"Mwenyewe. Jumamosi niko kwenu. Nakuja na yule msanii mgeni wa tamasha lenu la mavuno, mimi ndiye nashika maiki ya pili. Nimeona jina lako kwenye bango, nikasema hee, kumbe Wolfu yupo. Tutaonana nyuma ya jukwaa, kama zamani."

"Poa," Wolfgang alisema, akakata simu.

Mujahid, mwenye gari, alimtupia jicho. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayeishi kwa kukodisha spika kwenye harusi na mikutano, na ndiye aliyemwokota Wolfgang wakati hakuna mtu mjini aliyetaka kumpa hata kazi ya kuosha bajaji.

"Nani huyo?"

"Mtu wa Arusha."

Mujahid aliwasha gari wakaelekea stendi, lakini mchana ule wote Wolfgang alikuwa akikosea hata jina la mbegu anayoitangaza.

Wolfgang na Tadeo walisoma darasa moja. Wolfgang alikuwa mtoto wa Sigino, mwana pekee wa Katarina, mjane anayelima mahindi na maharage. Tadeo alitoka Mutuka. Walipokuwa sekondari walikuwa wakichana mistari nyuma ya madarasa mpaka wenzao wanasahau kengele, na walipomaliza wakapanda basi kwenda Arusha kutafuta studio. Walipata. Wimbo wao mmoja ulipigwa redioni, na Katarina aliusikia shambani kwenye simu ya jirani, akasimama na jembe begani mpaka ukaisha.

Tatizo la Wolfgang lilikuwa woga. Studio ilikuwa sawa, lakini akipanda jukwaani magoti yalilegea na mistari ikapotea. Siku ya onyesho lao la kwanza kubwa, Tadeo alimpeleka chooni akamfungulia karatasi ndogo yenye unga. "Vuta kidogo tu," alimwambia. "Utaona watu wote wamekuwa ndugu zako." Ikawa kweli. Usiku ule Wolfgang alipanda jukwaani akiwa mwepesi kama pamba. Tangu hapo hakupanda tena bila unga, na baadaye hakuweza hata kuamka bila unga, na mwisho hapakuwa na jukwaa wala wimbo, kulikuwa na kutafuta kete za unga tu kutoka asubuhi mpaka jua linazama.

Alirudi Sigino mara moja katika miaka ile, Jumapili, mama yake akiwa kanisani. Aling'oa mabati ya jiko akayauza. Mama alirudi kutoka misa akakuta moshi wa jiko lake unapanda wazi mbinguni.

Kilichomtoa Arusha hakikuwa majuto. Asubuhi moja pale maskani walipokuwa wakivutia unga, mwenzao waliyelala naye bega kwa bega hakuamka. Midomo yake ilikuwa imeshakuwa na rangi ya wino. Kabla hawajamwita mtu yeyote, Wolfgang na Tadeo walimpekua mifuko. Walifanya hivyo haraka na bila kutazamana, kila mmoja na upande wake. Jioni ile Wolfgang alipanda basi la Babati akiogopa mikono yake mwenyewe.

Arosto, ugonjwa wa kukosa unga, ilimkamata kwa mama yake. Alitapika, aliharisha, mifupa ilimuuma kana kwamba inasagwa. Katarina alitandika mkeka mlangoni akalala hapo, mwili wake ndio komeo. Baadaye alimpeleka kwenye nyumba ya upataji nafuu, akakaa na wenzake waliopita njia ile mpaka miguu ikapata nguvu. Alipotoka, Mujahid akampa kipaza sauti. Matangazo ya Wolfgang yalichekesha watu. Wakaanza kumwita kwenye harusi na sherehe za kipaimara awe mshereheshaji. Akarekodi wimbo kwenye studio ndogo karibu na stendi, vijana wa bodaboda wakaushika, na sasa jina lake lilikuwa kwenye bango la tamasha la mavuno, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu. Harusini alisimama sakafuni kati ya meza, karibu na watu, na alijua kuvumilia. Kwenye jukwaa hasa, mbele ya uwanja uliojaa, hakuwahi kusimama hata mara moja akiwa na akili zake timamu.

"Shikamoo, mama," alisema jioni hiyo alipofika nyumbani.

"Marahaba. Mbona uso wako hivyo?"

Alimweleza. Katarina alikuwa anapepeta maharage, ungo ukasimama.

"Usiende," alisema.

"Mama, jina langu liko kwenye bango."

"Hata mabango yanachanika." Akapepeta kidogo, akaacha tena. "Yule mtoto wa Mutuka nikimwona, sijui nitamfanya nini. Alikula kwangu. Alilala kwangu. Kisha akakuchukua."

"Hakunichukua, mama. Nilikwenda."

Katarina aliuweka ungo chini. Kisha akasema, "Kama utakwenda, nitakwenda na wewe." Wolfgang alisikia katika sauti yake hofu ileile iliyokuwa kifuani mwake, wakakaa hivyo wawili, hakuna wa kumtuliza mwenzake.

Jumamosi mchana uwanja ulijaa mapema. Watu walitoka Dareda, Bonga, Magugu. Wasanii waliwekwa kwenye turubai nyuma ya jukwaa, na kando yake palikuwa na chumba cha kubadilishia nguo cha wachezaji. Katarina alikaa mbele kabisa na kitenge chake cha kanisani, mkoba juu ya mapaja, hatazami jukwaa bali turubai.

Tadeo aliingia na msafara wa mgeni. Alikuwa amependeza: viatu vyeupe, miwani, koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Alimkumbatia Wolfgang, na katika kumbatio lile Wolfgang alihisi mbavu tupu. Kisha Tadeo akaanza kujikuna pua, polepole, kope zikishuka katikati ya sentensi na kupanda tena.

"Bado unatumia," Wolfgang alisema kwa sauti ya chini.

"Kidogo tu, ya kunisimamisha. Siyo kama zamani." Tadeo alitabasamu. "Na wewe? Unapanda hivihivi?"

"Hivihivi."

"Utaganda, kaka. Nakujua. Utaganda mbele ya watu wa kwenu, na mama yako amekaa pale." Akamshika bega kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililomtisha Wolfgang kuliko lolote. "Ninazo za kututosha wawili. Twende chumbani dakika moja tu."

Mate yalimjaa Wolfgang mdomoni. Hakuwa ameamua kuwa na mate. Mwili ulijibu wenyewe, kama mbwa aliyeitwa jina lake.

"Hapana," alisema, akatoka kwenye turubai kwa haraka mpaka akagonga kamba ya spika.

Alisimama kwenye uzio, mahali mama yake angeweza kumwona, akavuta pumzi kama walivyomfundisha. Msanii wa kwanza alipanda, akashuka. Wa pili akapanda. Zamu yake ilikuwa inakaribia na Tadeo alikuwa hajarudi turubaini. Wolfgang alijiambia kwamba hayamhusu. Alijiambia pia kwamba akienda kule chumbani, hatakwenda kwa ajili ya Tadeo, atakwenda kwa ajili ya unga. Aliogopa kwenda na aliogopa kubaki, kisha akaikumbuka rangi ya ile midomo ya Arusha, na miguu ikaanza kukimbia.

Tadeo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kidevu kifuani. Miwani ilikuwa imeanguka. Alikoroma mara moja, kukoroma kwa ajabu, kama maji yanayokwama kwenye bomba, kisha kimya kirefu. Midomo ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya wino.

"Tadeo. Tadeo, mwanangu, amka."

Alimpiga makofi mashavuni, akamlaza kwa ubavu, akapiga kelele. Vijana wawili waliokuwa wanabeba spika walikuja, wakamwinua. Koti la Tadeo liligeuka, na kutoka mfuko wa ndani zikaanguka kete, zimefungwa kwa nailoni, ndogo kama punje za mahindi. Wale vijana, waliomshika mabega na miguu, walikuwa wameshatangulia na hawakuziona. Wolfgang aliinama akazizoa. Alijiambia anamwondolea mwenzake balaa la polisi. Zilipoingia mfukoni mwake, mkono ulichelewa kutoka.

Bajaji iliwapeleka hospitali honi ikilia njia nzima. Wolfgang alikishika kichwa cha Tadeo magotini, akimwita jina, na kila pumzi ilipochelewa na yeye aliacha kupumua. Mapokezi walimkuta muuguzi mmoja mwanamke, kitambulisho kifuani kimeandikwa Vailet.

"Ametumia nini?"

Wolfgang alisita. Aliwaza polisi, aliwaza bango, aliwaza mama.

"Sijakuuliza wewe ni nani," muuguzi alisema bila ukali. "Nimeuliza ametumia nini. Hana muda wa kukusubiri."

"Unga, sista. Heroini. Amevuta muda si mrefu."

Walimsukuma Tadeo ndani na mlango ukafungwa. Wolfgang akabaki kwenye korido, kwenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Simu yake iliita: Mujahid. Hakupokea. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, na hakukumbuka ulirudi huko saa ngapi.

Alikwenda chooni. Alifunga mlango kwa komeo. Alizitoa kete akaziweka kwenye kiganja, akazitazama.

Alitaka kuzimwaga. Hilo ndilo alilokuja kufanya. Lakini kiganja hakikupinduka. Mawazo yakaanza kuja kwa upole, na yote yalikuwa na sauti ya Tadeo. Kidogo tu. Umefanya wema leo, umemwokoa mtu. Jukwaa linakusubiri. Nani atajua? Alijua vizuri kabisa kwamba akifungua moja, hatatoka chooni mle Wolfgang aliyeingia, na kujua huko hakukumsaidia chochote. Kidole gumba kilishaanza kuchezea fundo la nailoni.

Kwa mkono wa kushoto alibonyeza namba ya mama yake.

"Mama."

"Uko wapi? Wameita jina lako, hukutokea. Nimezunguka turubai lote." Nyuma ya sauti yake muziki ulikuwa unanguruma.

"Niko hospitali. Tadeo amezidiwa. Mama, nina vitu vyake. Viko mkononi mwangu."

Muziki uliendelea. Katarina hakulia wala kupiga yowe.

"Uko sehemu gani ya hospitali?"

"Chooni."

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Fungua." Akasubiri. "Wolfgang, sijasikia komeo."

Alifungua. Komeo lililia kwa sauti kubwa.

"Sasa toka ukae palipo na watu. Kaa katikati yao. Simu usikate. Niambie unaona nini."

Alitoka akakaa kwenye benchi kati ya wanawake wenye watoto wa kliniki, ngumi imefumbwa juu ya goti. Akamwambia mama yake anaona mtoto mwenye soksi nyekundu. Anaona bango la kunawa mikono. Anaona mama mmoja anamenya ndizi. Alisema vitu hivyo kwa sauti, na yule mwenye ndizi akasogea kidogo, akimdhani hana akili sawasawa. Katika simu alisikia mama yake akibishana na mwendesha bodaboda, yeye ambaye siku zote alisema pikipiki ni jeneza lenye magurudumu, kisha upepo tu, upepo mwingi, na sauti yake ikirudia katikati ya upepo, "Endelea. Nasikia. Endelea."

Katarina alifika kitambaa cha kichwa kikiwa kimening'inia shingoni. Alikaa pembeni yake, akaichukua ile ngumi akaiweka mapajani mwake na kuifungua kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemnyang'anya mtoto mchanga kisu. Wolfgang hakumsaidia. Hakuwa na uwezo. Vidole vyake vilikuwa vizito, na cha mwisho mama alikivuta kwa nguvu.

Katarina alikwenda na zile kete chooni. Maji yakasikika, na yakasikika tena. Aliporudi mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye bangili.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Tangu uliporudi sijawahi kulala bila kuogopa. Nikisikia geti, naogopa. Nisiposikia geti, naogopa."

"Hata mimi, mama."

"Najua."

Muuguzi Vailet alitokea mlangoni. Mgonjwa amechomwa sindano, anapumua mwenyewe, lakini hawezi kuachwa peke yake. Dawa hiyo huisha nguvu mapema na usingizi mbaya unaweza kurudi. "Ndugu yake ni nani hapa?"

Wazazi wa Tadeo walikuwa wameshafariki, na msafara aliokuja nao haukuwa umepiga hata simu. Ya Wolfgang ikaita tena, na safari hii akaipokea.

"Wolfgang," Mujahid alisema, "nimeshasikia kutoka kwa wale vijana. Pole. Mgeni anasema hapandi mpaka jua lipungue, na huku watu wameanza kurusha chupa. Waandaaji wanauliza kama unaweza kuja kuwashikilia. Mimi nimewaambia sijui. Usipoweza, ni sawa, nakuapia ni sawa."

Wolfgang alimtazama mama yake. Katarina alikuwa amesikia.

"Nenda," alisema.

"Na Tadeo?"

Katarina aliutazama ule mlango. "Nitakaa naye mimi."

"Utakaa naye wewe?"

"Alikula kwangu," alisema, kama mtu aliyekasirishwa na ukweli huo. "Nenda kabla sijabadilisha mawazo. Na Wolfgang." Alimshika mkono wa shati. "Unakwenda peke yako. Sitakuwepo kukutazama."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kwao wote wawili. Wolfgang alipotoka getini hakugeuka nyuma, kwa kuwa alijua akimwona mama yake amesimama mlangoni angerudi.

Alipanda ngazi za jukwaa moja moja. Uwanja ulikuwa bahari ya vichwa na vumbi, na mlima Kwaraa nyuma yao ulikuwa umesimama kama mtu anayesubiri kucheka. Mdundo ulianza. Mstari wa kwanza haukuja. Mdundo ukazunguka, ukarudi mwanzo, na bado haukuja. Chupa ya maji ikatua karibu na mguu wake. Alitamani unga kwa hamu kubwa kiasi kwamba machozi yalimlenga.

"Naogopa," alisema kwenye maiki. Hakupanga. Spika za Mujahid zikalipeleka neno lile mpaka barabarani.

Watu wachache walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Huyu si wa alizeti?" Kicheko kikaenea, lakini kilikuwa kicheko cha watu wanaomjua mtu wao. Wolfgang akatamka tena, safari hii juu ya mdundo, "Naogopa," na mstari wa pili ukaja wenyewe, kisha wa tatu. Hakuwa akichana wimbo aliouandaa. Alichana mabati ya jiko, mkeka mlangoni, mwenzao aliyelala hakuamka na mikono miwili iliyompekua. Sauti ilitetemeka mpaka mwisho na hapakuwa na mahali ilipotulia. Alipomaliza uwanja ulikaa kimya kwanza, hakujua ni kimya cha namna gani, akashuka ngazi kabla hajajua. Makofi yalimkuta chini, ameshika nguzo ya turubai, akitapika.

Tadeo aliamka jioni. Kitu cha kwanza alichokitaka ni koti lake. Katarina akampa. Alipopekua mfuko wa ndani akakuta mtupu, alimtukana mama huyo matusi ambayo Wolfgang, aliyekuwa amefika mlangoni, hakuwahi kumsikia mama yake akitukanwa na mtu yeyote. Katarina alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kama atakunywa uji.

Kesho yake Tadeo alipanda basi la Arusha. Hakuaga.

Wimbo ule Wolfgang aliurekodi, ukaenda mbali kuliko alivyotarajia. Redio moja ya mkoani ikampa kipindi cha mchana, na wikendi hakuwa na nafasi kwa wingi wa maonyesho. Kila mara kabla ya kupanda alitapika, akasuuza mdomo, akapanda. Mujahid, aliyekuwa sasa meneja wake, alizoea kutembea na ndoo garini. Wolfgang aliisubiri siku ambayo ingepita bila ndoo, na siku hiyo haikuja.

Mwaka uliofuata waliitwa Arusha. Alikwenda, alipanda, alishuka, na kabla ya kurudi alimwomba Mujahid apitishe gari kule maskani. Hakushuka. Alishusha kioo kidogo tu na kuuliza. Mmoja wao alisema Tadeo haonekani siku hizi, anakwenda kliniki kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya kuachia unga. Mwingine akasema huo ni uongo. Namba yake haikupatikana.

Wiki chache baadaye, Wolfgang akiwa Sigino anamsaidia mama yake kupukuchua mahindi, ujumbe uliingia kwenye simu. Aliusoma, akausoma tena.

"Ni nani?" Katarina aliuliza.

"Tadeo, kwa namba ngeni. Anasema ana miezi sasa hajagusa. Anasema Arusha itammaliza. Anauliza kama anaweza kuja kukaa huku kidogo."

Punje ziliendelea kudondoka kwenye beseni. Hofu ilimpanda Wolfgang kutoka miguuni, ileile ya siku zote, na alipomtazama mama yake aliona na yeye imeshamfika.

"Unamwamini?" aliuliza.

"Sijui, mama."

Katarina alichukua gunzi jingine, akalitazama, akalishika tu.

"Akija atalala chumba cha mbele," alisema mwishowe. "Na mimi nitautafuta ule mkeka."